Nilifunga Milango Yote ya Kompyuta, Majibu Yakazidi Kuvuja

Juma lililopita mliniacha nimekaa mbele ya mhariri wangu, Ustadh Lutfi, jasho linanitiririka kama mtu aliyefukuzwa na mbwa wa jirani. Kwa ambaye hakuwapo, nitamfupishia.

Naitwa Ragai. Mimi ndiye ninayetunga chemshabongo ya gazeti moja la jioni hapa Iskandaria. Unajaza miraba, unakata ukurasa, unautia kwenye bahasha na kuupeleka gazetini. Ukipata yote, unaletewa zawadi nyumbani kwa lori.

Balaa langu ni kwamba tangu baridi iishe, lori hilo limekuwa likiingia mtaa mmoja tu wa Muharram Bek. Mtaa wangu. Mama Shadi wa ghorofa ya chini alichukua mashine ya kufulia. Muuza maharage wa kona akachukua feni. Dobi wa pasi akachukua jiko la gesi. Dereva wa lori alifikia hatua ya kunipigia honi akiniona, kama tunavyofanya kwa ndugu.

Ustadh Lutfi hakuzunguka. "Ragai, ama unauza majibu, ama unaibiwa. Kama unaibiwa, nithibitishie kabla friji, zawadi ijayo, halijatoka. Kama unauza, unanishangaza kuniruka mimi, maana jiko langu bovu."

Nilimwapia kwamba majibu yako mahali pamoja tu chini ya mbingu: ndani ya kompyuta yangu, sebuleni kwangu. Ndipo akanikabidhi kwa injinia Safinaz, mama anayesimamia kompyuta zote za gazeti. Tuliishia hapo.

*

Injinia Safinaz alipiga simu asubuhi. Nilikuwa nimevaa shati la kupigwa pasi na tai.

"Tai ya nini?" mke wangu Inshirah akauliza. "Simu haina macho."

"Huyu mama anaweza kuingia popote."

"Aingie popote," akadakia mama mkwe kutoka kwenye kochi, "ila jikoni kwangu asitie mguu."

Mama mkwe wangu ni Hajja Tafida. Alikuja kwetu baridi ilipoanza ili auguze goti. Goti lilipona zamani, yeye akabaki. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya wasichana kule Damanhur, na mpaka leo akikutazama unajikuta unakagua kucha zako. Jikoni ni kwangu, lakini nikakaza tai.

Niliweka simu kwenye spika. Safinaz alikuwa anatafuna mbegu za maboga, unasikia zinavyopasuka.

"Ustadh Ragai, kompyuta iko mbele yako? Imewashwa?"

"Imewashwa."

"Hongera. Wengi huishia hapo."

Inshirah akacheka kwa pua. Nikajifanya sijasikia.

"Sasa nisikilize," Safinaz akasema. "Kompyuta ina milango maelfu kwa maelfu, kila mmoja na namba yake. Sisi tunaiita poti. Mingi haina mtu nyuma yake, ukibisha hodi hakuna wa kukujibu. Lakini programu ikikaa nyuma ya mlango na kusubiri wageni, basi mlango huo uko wazi. Leo tunataka kujua nani amekaa wapi, na nani alimweka."

Akanifungulisha dirisha jeusi kwenye kioo, dirisha ambalo sikuwahi kujua lipo. Akanisomea amri fupi ya kuandika. Nikaikosea. Akanisomea tena herufi moja moja, taratibu, kama anamlisha mtoto uji.

Mistari ikaanza kumwagika. Namba juu ya namba. Nikaegemea nyuma.

"Usisome yote, hiyo si riwaya," Safinaz akasema. "Nitafutie mistari inayosema mlango unasikiliza."

"Iko mingi."

"Mingi ni ya kompyuta yenyewe kuzungumza ndani kwa ndani. Hiyo ni kama wazee wanaoongea peke yao. Haina madhara."

"Nimesikia hilo," mama mkwe akasema.

"Samahani, mama," Safinaz akasema. "Ustadh, tafuta namba mia nne arobaini na tano."

"Ipo."

"Hapo unagawa mafaili yako kwa kila aliye kwenye waifai ya nyumba. Nani yuko kwenye waifai yako?"

"Sisi watatu tu."

Inshirah akakohoa. "Na Mama Shadi," akasema. "Laini yake ilikatwa."

"Mama Shadi peke yake?" Safinaz akauliza.

"Na wanawe. Na dobi, siku moja alikuwa na shida. Mama Shadi si mtu mchoyo."

Nilimgeukia mke wangu. Alikuwa anatazama dari kana kwamba kuna ufa mpya.

"Na faili lenye majibu," Safinaz akaendelea, "umelipa jina gani?"

Nikalegeza tai.

"Ustadh Ragai?"

"Majibu," nikasema.

"Majibu nini?"

"Majibu ya Wiki Hii."

Kule kwenye simu mbegu ziliacha kupasuka. Hajja Tafida aliinua gazeti likaufunika uso wake, lakini mabega yalikuwa yanatikisika.

"Sawa," Safinaz akasema mwishowe, kwa sauti ya daktari anayejizuia. "Hayo ni ya ndani. Sasa mimi niko huku ofisini, nje kabisa ya nyumba yako. Nabisha hodi. Usiguse kitu."

Tulisubiri. Hata mama mkwe alishusha gazeti.

"Nimefunguliwa," Safinaz akasema.

"Na nani?"

"Na nyumba yako. Nauona hapa ukurasa unaoniomba neno la siri. Huu ni mlango wa kuendesha kompyuta ukiwa mbali. Akiingia mtu hapo, kiti chako kinakuwa chake. Na ruta yako, kile kisanduku cha waifai, imeamriwa impitishe yeyote anayebisha. Neno lako la siri ni lipi?"

"Siwezi kukutajia mbele za watu."

"Basi nitaje mimi. Inshirah, halafu moja mbili tatu."

Nikaona haya mpaka masikioni. Inshirah aliacha kutazama dari.

"Miaka yote hii," akaniambia polepole, "sijaandikiwa hata ubeti mmoja. Kumbe kila asubuhi unaliandika jina langu."

"Kwa ajili ya usalama," nikasema.

"Usalama gani na moja mbili tatu?" Safinaz akauliza.

Kisha utani ukakoma. Alinielekeza mahali kompyuta inapoweka kumbukumbu za waliojaribu kuingia wakashindwa. Nilishusha ukurasa, nikashusha tena, na tena. Ilikuwa haina mwisho. Watu nisiowajua, kutoka nchi nisizowahi kufika, kila mmoja amejaribu kitasa changu, mwingine mara kumi kwa dakika.

"Hawa hawakujui wala hawana habari na chemshabongo," Safinaz akasema. "Wanazunguka dunia wakitikisa vitasa. Siku mmoja akibahatisha, anakufungia kila kitu ulichonacho humo na kukudai pesa ili ukione tena. Una nini humo?"

Chemshabongo zangu zote. Sauti ya marehemu baba anasoma shairi siku ya harusi yangu, pekee niliyonayo.

"Nani alifungua?" nikauliza.

"Mtu aliyekaa kwenye kiti chako akaiamuru ruta. Fikiria."

Sikuhitaji kufikiria. Siku ya Idi, kaka wa mke wangu, Midhat, alikaa kwenye kiti hicho akisema anaipa kompyuta kasi.

*

Tulifunga. Safinaz alinishika mkono kwa simu hatua kwa hatua, na nilijifunza kwamba mlango haufungwi kwa kusukuma. Unamwondoa kwanza aliyekaa nyuma yake. Tukazima ugawaji wa mafaili. Tukazima ule uendeshaji wa mbali. Tukaingia kwenye ruta, tukafuta ile amri ya Midhat, tukaondoa na ruhusa ya programu kujifungulia milango zenyewe bila kuuliza. Tukawasha ukuta wa ulinzi, ambao mtu fulani, labda mtu huyo huyo wa kasi, alikuwa ameulaza. Tukabadilisha neno la siri la waifai na lile la kompyuta.

Hapo pa kompyuta nilitaka neno gumu lenye alama. Inshirah akauliza kwa upole kama jina lake limechakaa. Nikaliacha jina lake, nikaongeza mtaa tuliokutana. Safinaz hakusikia.

Akabisha tena kutoka ofisini. Akajaribu mlango wa kwanza, wa pili, akazunguka yote.

"Kimya," akasema. "Hakuna anayejibu. Sasa una nyumba."

"Shule yangu ilikuwa na geti moja na bawabu mmoja," Hajja Tafida akasema akikunja gazeti. "Hakutoroka msichana hata mmoja."

"Mama, mimi nilitoroka," Inshirah akasema.

"Nilikuona."

Chai haijapoa, mlango wa kweli ukagongwa. Mama Shadi, kitambaa kichwani, mkono kiunoni.

"Kuna msiba, Ustadh? Intaneti imekufa."

"Haijafa. Nimeifunga."

Alinitazama kama niliyemwambia nimelifunga jua. Kisha akamtazama mke wangu nyuma yangu. "Haya. Na mashuka yenu makubwa mtafulia nyumbani kwenu."

Akashuka ngazi. Nikamgeukia Inshirah. "Mashuka gani?"

"Mlenda unaungua," akasema, akaenda jikoni.

*

Kesho yake akaja Midhat kutoka Damanhur, ana sinia la keki ya basbusa mkono mmoja na hasira mkono wa pili.

"Shemeji, umenifungia duka."

"Duka liko Damanhur."

"Na vitu vyangu viko kwako." Akaweka sinia mezani, akaketi kwenye kiti changu bila kukaribishwa. Midhat anauza simu zilizotumika. Kumbe tangu Idi alikuwa anaingia kwenye kompyuta yangu kutoka huko kwake na kuhifadhi humo picha za simu zake, na sinema, nyingi kuliko ukumbi wowote wa mji huu. "Yangu ilijaa," akasema. "Yako ilikuwa tupu. Nikasema sisi ni familia."

"Na majibu yangu? Hayo nayo ulichukua kwa sababu sisi ni familia?"

Alinitazama kwa muda. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa kitambaa cha sinia.

"Shemeji, nani anunue majibu yako? Wateja wangu hawamalizi kusoma swali. Mimi mwenyewe nilijaribu moja Idi ile, nikadhani gazeti limechapwa kwa lugha nyingine."

Nilimpigia Safinaz. Alikuwa ameshapitia kumbukumbu za kila mara Midhat alipoingia. Midhat alifungua sinema zake na picha zake, basi. Folda yangu hakuigusa.

"Umeona?" Midhat akasema. "Nataka kuombwa radhi."

Nilimwomba radhi. Naye akala basbusa yote isipokuwa pembe moja, akaichukua ya kula njiani.

*

Nikabaki na mtaa mzima wa watuhumiwa. Lakini milango ilikuwa imefungwa, na nilitaka Ustadh Lutfi aone kwa macho yake kwamba wizi umekwisha. Tukapanga mtego, mimi, yeye na Safinaz.

Kwenye kompyuta, ndani ya faili lile lile, niliharibu kona moja. Maneno matatu niliyaondoa, nikaweka mengine yanayokaa vizuri kwenye miraba ila hayahusiani hata kidogo na maswali. Kwa mfano swali lilisema: ndege wa magofuni. Jibu la kweli ni bundi. Mimi nikaweka ndizi. Majibu ya kweli niliyaandika kwa mkono ofisini, Ustadh Lutfi akayafungia kwenye droo yake.

Nyumbani sikumwambia mtu. Niliona fahari. Nilitembea sebuleni nikipiga mluzi, hadi mama mkwe akaniuliza kama meno yananiuma.

Siku ya kufungua bahasha nilifika gazetini mapema. Safinaz alikuwepo, na mbegu zake kwenye bakuli. Ustadh Lutfi alifungua bahasha kwa kisu cha barua, moja baada ya nyingine.

Nyingi zilikuwa nusu. Nyingine robo. Moja ilikuwa tupu kabisa, ila katikati ya miraba mtu alikuwa ameandika, "Mungu amsamehe aliyetunga hii."

"Huyu ni mwenzangu," Lutfi akanong'ona.

Kisha akafungua moja, akaisogeza kwenye mwanga. Akavaa miwani, akavua, akavaa tena.

"Ndege wa magofuni," akasoma. "Ndizi."

Safinaz akaacha kutafuna.

"Ndizi ya magofuni," Lutfi akarudia. "Sijui hutaga wapi." Akageuza bahasha. "Bayumi, kinyozi. Muharram Bek."

Yote matatu ya uongo yalikuwepo. Safinaz alisukuma bakuli pembeni.

"Nimebisha tena leo asubuhi," akaniambia. Safari hii hakutania. "Hakuna kilichojibu. Hakuna aliyeingia kutoka nje, Ustadh Ragai, na kwenye waifai hayupo mtu ila nyinyi."

Lililobaki hakulisema. Ustadh Lutfi alilisema kwa kunitazama.

"Nenda nyumbani uongee na watu wako," akasema. "Nitamalizia bahasha zilizobaki mwenyewe."

*

Sikwenda nyumbani moja kwa moja. Nilikwenda kwa Bayumi, nikaketi kwenye kiti chake, nikainua kidevu.

Akanipaka povu. Akanoa wembe. Aliponifikia shingoni nikamuuliza, "Bayumi, ndege wa magofuni ni nani?"

Wembe ukasimama.

"Ndizi, Ustadh."

"Umewahi kuona ndizi ikiruka?"

"Hata mimi nilishangaa," akasema. "Lakini nikasema, huyu ni msomi, ana yake anayoyajua."

"Nani alikupa?"

"Siwezi kusema. Nilimwapia."

"Ulimwapia nani?"

"Bibi Inshirah." Akasikia alichosema. Nikamwona kwenye kioo, uso wake mweupe kuliko povu langu. "Ustadh, mimi nina watoto."

Nikafuta povu nusu shavu, nikatoka.

Inshirah alikuwa jikoni akichambua majani ya mlenda, anachuma jani, anatupa kikonyo. Aliuona uso wangu, upande mmoja umenyolewa na mwingine bado, akajua.

"Bayumi," akasema.

"Ndizi," nikamjibu.

Akaacha majani. "Nilijiuliza hilo la ndizi. Nikasema labda ni ndizi ya aina fulani, ya kale."

"Niliifunga milango yote, Inshirah. Yote. Uliketi pale ukaniangalia."

"Nikakupongeza pia." Akajaribu kutabasamu, tabasamu halikukaa. "Mimi sipiti milangoni, Ragai. Mimi nakaa kwenye kiti. Inaniomba jina langu, naliandika, inafunguka. Ulipoongeza ule mtaa nilidhani umeniandikia mimi."

Nilikuwa nimekuja na maneno mengi makali. Likabaki moja. "Kwa nini?"

Akavuta kigoda akaketi.

"Baridi ilipokuwa inaisha, Lutfi alipiga simu, wewe ukiwa bafuni. Akaniambia tangu baridi ianze hakuna mtu aliyepata majibu yote. Hakuna. Watu wanapiga simu gazetini kutukana. Akasema atatoa chemshabongo, mahali pake aweke nyota za bahati. Akaniomba nikuandae kidogo kidogo."

"Nawe ukaniandaa?"

"Nilikuja sebuleni nikuandae. Nikakuta unatunga. Ulikuwa unatabasamu peke yako, unajua unavyofanya, ukipata swali baya unatabasamu kama paka. Nikarudi jikoni." Akachukua jani moja, akalikunjakunja. "Nikampa Mama Shadi majibu. Akashinda, Lutfi akafurahi, nyota zikasahauliwa. Nilitaka iwe mara moja tu. Lakini mtaa una masikio, na kila mtu ana kitu kimeharibika nyumbani. Mimi sikuchukua hata kijiko."

"Mashuka?"

"Mashuka nilifua kwenye mashine ya Mama Shadi, ndiyo."

Wasomaji wangu, nawaambia ukweli. Kuibiwa hakukuniuma sana. Kilichoniuma ni lile neno, hakuna.

"Hakuna hata mmoja?" nikauliza. "Baridi nzima?"

"Ragai. Ulimuuliza msomaji wa gazeti la jioni jina la tabibu wa farasi wa sultani. Nani anamjua huyo?"

"Mimi."

"Basi ungejitumia bahasha."

Nikacheka. Sikutaka, ila nilicheka, naye akacheka, na macho yake yalikuwa na maji. Nikamwambia tutamweleza Lutfi pole pole, hata kama nitaondoka, nitaondoka na mke wangu. Nikamshika mkono wenye utelezi wa mlenda. Kwa muda mfupi nilijiona mtu asiye na tatizo kubwa.

Simu ikalia.

"Ragai," Ustadh Lutfi akasema. Sauti yake ilikuwa ya baridi, si ile ya utani niliyoizoea. "Nimemaliza bahasha. Moja imepata yote. Nasema yote. Bundi, na yale mawili mengine."

"Haiwezekani."

"Ndivyo nilivyodhani. Hayo hayakuwa kwenye kompyuta ya mtu. Yalikuwa kwenye droo yangu, na ufunguo ninao mimi. Na kichwani mwako. Nikusomee anwani?" Akasoma. Muharram Bek. Jengo letu. Ghorofa yetu. Mlango wetu. "Tafida Gadallah. Unamfahamu?"

Nikautazama mlango wa sebuleni.

"Nilikuwa nakuonea huruma," akasema. "Nilidhani unaibiwa. Njoo kesho asubuhi." Akakata.

Nikaingia sebuleni. Hajja Tafida alikuwa kwenye kochi, miwani puani, kalamu ya risasi mkononi.

"Mama," nikasema, "ulituma bahasha gazetini?"

"Nilituma. Kuna sheria inayomkataza mama mkwe?"

"Majibu nani alikupa?"

Akashusha miwani. Nikajikuta nakagua kucha zangu. "Liulize hilo swali upya, na ulifikirie kwanza."

"Uliyajaza mwenyewe?"

"Tangu nimefika hapa najaza kila wiki. Baridi yote nilikuwa nakosa moja au mawili, ndiyo maana sikutuma. Hii ya juzi ilikuwa nyepesi." Akageuza ukurasa. "Na mstari wa saba umekosea sarufi."

Baridi nzima. Msomaji wangu mmoja, pekee katika mji mzima, alikuwa amelala kwenye kochi langu, na mimi nikihesabu siku za goti lake. Ningeweza kumbusu mkono. Nadhani nilisogea kufanya hivyo.

"Kaa mbali, una povu," akasema. "Friji wanaleta lini? Hilo lenu linalia kama mtoto mwenye njaa."

Ikabidi nimwambie. Nikamweleza mtego, ndizi, droo, bahasha ya Bayumi, na anachoamini Ustadh Lutfi sasa: kwamba mimi ndiye niliyempa majibu, na kwamba ukoo mzima ni genge. Jina la aliyempa Bayumi sikulitaja.

Alisimama bila kushika goti.

"Mimi," akasema polepole. "Niliyesimamia mitihani ya serikali mpaka nikastaafu. Mimi niibe ndege wa magofuni."

"Mama, tulia kidogo."

"Nimetulia. Kesho unanipeleka kwa huyo mhariri wako. Anipe chemshabongo mbichi, nijaze mbele yake, naye akiwa amesimama. Friji nitalichukua. Halafu huyo aliyempa kinyozi majibu atafutwe, jina lake lichapwe ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa. Mimi sitaondoka ofisini humo mpaka nilisikie kwa masikio yangu. Awe nani awe."

Nyuma yake, mlangoni mwa jikoni, Inshirah alikuwa amesimama, mikono imejaa majani. Alinitikisia kichwa mara moja, taratibu: usiseme.

Hajja Tafida aliona macho yangu yalikokwenda. Hakugeuka. Alinikazia yake tu.

"Haya, mkwe wangu," akasema. "Unamjua?"